Firigisi nne tulizomficha Papa: kuku wa bibi kutoka Masisi na chanjo ya adenovirus

Wakuu, salaam kwenu wote, wakubwa na wadogo wa jukwaa hili.

Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimya. Napita, nacheka, naondoka. Ila juzi nilikuta uzi wa jamaa anauliza kwa nini vifaranga wake wanakonda na kufa wakati ameshawapa kila dawa, na watu wakamvamia kwamba hajui kufuga. Ule uzi ulinigusa pabaya, nikasema leo nafungua wangu.

Haya yalitokea kwetu Goma, mtaa wa Katoyi, miaka kadhaa iliyopita. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana anayeonekana vibaya kwenye kisa hiki ni mimi mwenyewe. Na Mama. Lakini Mama hayumo humu, kwa hiyo tuko salama.

Maneno ya watu nitayaweka kama walivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha Goma. Msitucheke sana.

Nianze na Papa.

Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alibaki na vitu viwili vya kumwamsha asubuhi, redio na kuku. Redio ilikuwa mbovu.

Kuku wale hawakununuliwa. Bibi, yaani mama yake Papa, alishuka nao kutoka milima ya Masisi mwaka familia ilipokimbia vita. Wenzake walibeba magodoro na sufuria. Yeye alibeba kikapu chenye mitetea miwili na jogoo mmoja, kishingo wote, wale wasio na manyoya shingoni. Njiani watu walimcheka. Lakini kuku wale walizaa, na waliozaliwa wakazaa, na hata bibi alipofariki kikapu chake kiliendelea kuning'inia kwenye ukuta wa mbao sebuleni kwetu.

Shamba lilishakwenda, ng'ombe walishakwenda. Kwa Papa, kuku wale ndio waliokuwa Masisi yake iliyobaki. Hakuwahi kuingiza kuku wa nje hata mmoja. Mtetea mkubwa kuliko wote alimwita Madame, na asubuhi alimsalimia kabla ya kutusalimia sisi.

Banda lilikuwa la mbao, juu ya mawe meusi ya volkano kama kila kitu pale Katoyi. Kila Ijumaa mimi na Papa tulitelemka mpaka Kituku, kando ya ziwa, kuchukua vumbi la sambaza. Sambaza ni vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu; vikishauzwa, kwenye mikeka hubaki unga unga ambao kuku wanaupenda kupita kiasi. Wamama wa Kituku walikuwa wanamwekea, na kila mara walimtania.

"Mwalimu, wanafunzi yako iko muzuri?"

"Iko muzuri, ila inapiga fujo mu klasi," Papa anajibu, na wote wanacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Wakuu, nikiandika hapa nasikia harufu ya ile mikeka. Natamani sana zile Ijumaa.

Sasa tufike kwenye firigisi.

Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke hali, mtoto hali, hakuna mjadala. Jumapili moja kati ya mbili tulichinja jogoo kijana, mitetea haikuguswa kabisa. Mimi, binti mkubwa, kazi yangu ilikuwa kuipasua firigisi, kumenya ile ngozi ya njano ya ndani, kuosha, kupika, na kuiweka juu ya sahani ya Papa ionekane.

Aliila mwisho. Alifumba macho na kutafuna polepole, kisha anasema, "Hii njo Masisi," yaani hii ndiyo Masisi yenyewe.

Mimi niliyemenya firigisi nyingi kuliko mtu yeyote nyumbani, sikuwahi kuonja hata kipande. Nilikuwa namwangalia tu akitafuna na kujiambia kwamba lazima mle ndani kuna utamu wa ajabu.

Jumapili moja, nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, nilipasua firigisi nikakuta mambo mengine. Ile ngozi ya njano ilikuwa imepasukapasuka, ina madoa meusi, na ndani kuna maji ya kahawia kama masalia ya kahawa. Nikamwita Mama.

Mama alitazama firigisi, kisha akatazama mlango.

"Usimuonyeshe papa yako."

"Juu ya nini, Mama?"

"Unamupa muzee firigisi ya kidonda, unamuambia nini? Asema nyumba yake imeoza? Kimbia Mapendo, ulete ingine."

Nikakimbia Mapendo, mtaa mwingine wa Goma, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza nyama za friji, zile zinazokuja kwenye makatoni kutoka ng'ambo. Nikarudi na firigisi moja kubwa mno, karibu mara mbili ya zile zetu. Niliiunguza kidogo pembeni ili ifanane.

Papa akala, akafumba macho. "Oneni vile huyu jogo alikomaa! Hii njo Masisi."

Mama aliinamia sahani yake. Mimi nilitoka nje eti nachota maji, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Tulifanya hivyo mara nne, wakuu. Nne. Kila jogoo tuliyempasua alikuwa na vidonda vile vile, na kila mara nilikimbia Mapendo. Mama hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda mume wake na hakutaka kumwekea aibu mezani. Na mimi nilifurahia kuwa na siri na Mama, nisiwe mnafiki.

Kicheko kiliisha vifaranga walipoanza kufa.

Wakifika wiki tatu hivi wanasimama pembeni, mabawa yameshuka, hawakui, kisha wanakufa mmoja mmoja. Mitetea nayo ilipunguza kutaga. Papa aliacha hata kufungua ile redio mbovu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya banda na daftari, anaandika aliyekufa ni mtoto wa nani.

Akamwita daktari wa mifugo, dada mmoja kijana tuliyemwita Docta Riziki. Alikuwa bado anaendelea na masomo na alishirikiana na maabara moja ya utafiti iliyokuwa mbali na mji wetu.

Siku aliyokuja hakukuwa na mzoga. Waliokufa tulishawatupa shimoni, kama kawaida yetu. Docta akaomba kuchinja kifaranga mmoja mgonjwa amwangalie ndani, Papa akakataa, akisema kuku wa mama yake hauawi kwa kuangaliwa tu.

"Basi Mwalimu, mulishaka kupasua mumoja hapa nyumbani? Firigisi iko namna gani?"

Papa akajinyoosha. "Docta, firigisi ni miye ninaikulaka. Ine za mwisho zilikuwa safi kabisa, tena zilinona."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na beseni la maji ya kunawa. Mama alikuwa mlangoni. Mimi nikainamia beseni, naye akaingia ndani.

Docta Riziki akamwamini mwalimu mzima, angefanyaje? Aliacha dawa za minyoo na za kuhara damu. Tuliwapa zote, na vifaranga waliendelea kufa.

Aliporudi mara ya pili, tulikuwa tumebaki na mitetea tisa na majogoo wawili, na vifaranga wachache waliokuwa wanasubiri zamu yao. Safari hii pia hakukuwa na mzoga, na Papa alikataa tena kupasuliwa kifaranga mgonjwa. Docta alisema kwa upole kwamba asipojua ni kitu gani, njia iliyobaki ni kuwaondoa wote, kusafisha banda, kuliacha tupu, halafu kuleta vifaranga wapya.

"Wapya wa wapi?" Papa akauliza.

"Wa ng'ambo ya mupaka, Mwalimu. Wako wazuri."

Papa akageuka kutazama banda. Kisha akasema, "Rudi kesho asubuhi. Nitakuwa nilishaka kunoa kisu."

Jioni ile nilimwona anashusha kikapu cha bibi kutoka ukutani. Akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akakitazama ndani, akakirudisha pale pale. Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi Docta akaja. Kisu kilikuwa juu ya jiwe. Papa alishamshika Madame kwapani, amemshika kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Nikaona nisipoongea sasa, sitaongea tena maisha yangu yote.

"Papa, niko na neno."

"Sema, Sifa."

"Ile firigisi ulikulaka... haikukuwa ya kuku yetu."

"Ya nani sasa?"

"Ya Mapendo. Ya mu friji. Yetu ilikuwa na vidonda vyeusi, tukaitupa."

Papa akanitazama kama vile nimeongea Kichina. "Ngapi?"

"Ine."

"Na ile nilisema njo Masisi?"

"Ile pia, Papa."

Docta Riziki aligeuka akakohoa, na mpaka leo najua kile hakikuwa kikohozi. Mama akatoka ndani anafuta mikono kwenye kitenge. "Mutoto hana kosa. Ni miye nilimutuma. Nilikuwa ninakuchunga heshima yako, papa Sifa."

Papa alimweka Madame chini taratibu, akaokota kisu, akampa Docta. "Pasua ule wa leo asubuhi. Iko kule kando ya mulango."

Alikuwa anaongelea kifaranga aliyekufa alfajiri. Docta akampasua pale pale mbele yetu. Firigisi ilikuwa nyeusi ndani, na ile ngozi ilibanduka yenyewe kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Kwa siku mbili Papa hakuongea na Mama wala na mimi. Aliongea na kuku. Siku ya tatu Mama akapika sombe ya mawese, yaani kisamvu chetu, na kuiweka mbele yake. Papa akala, kisha akauliza, "Na hii sombe ni ya kwetu ao ni ya friji?" Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo nikajua tumesamehewa.

Sasa upande wa kitaalamu, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Docta alitueleza kwamba firigisi nyeusi namna ile inaweza kuletwa na vitu viwili hasa: chakula chenye unga wa samaki ulioungua kwa joto, au virusi. Papa aliposikia samaki alibadilika rangi. Miaka yote ile ya Kituku! Akaacha kwenda. Ijumaa mbili tulikaa nyumbani, na kuku walikula mahindi matupu. Alikuwa na hakika kwamba amewaua kuku wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati huo Docta alishapeleka firigisi na maini kwenye kisanduku chake cha barafu mpaka maabara. Majibu yakarudi: adenovirus ya kuku.

Kwa wasiojua, adenovirus za kuku ni ukoo mkubwa. Wengine wanakaa ndani ya kuku kimya, hawamdhuru. Wengine wanashambulia ini, wengine wanajaza maji kuzunguka moyo, na huyu wetu alikuwa anakula firigisi. Binadamu haambukizwi. Na anapita kutoka kwa mtetea kwenda kwenye yai, mpaka kwa kifaranga, ndiyo maana dawa zote zile zilikuwa kazi bure.

Papa akauliza swali la mwalimu: "Lakini sikuingizaka kuku ya inje. Aliingilia wapi?"

Docta akasema hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Huenda alikuwemo kwenye ukoo ule miaka mingi, amelala tu.

"Ni kusema angeweza kutoka nao Masisi, mu kikapu ya mama?"

"Inaweza, Mwalimu."

Papa akatikisa kichwa, nusu anacheka. "Basi hata ugonjwa ni wa kwetu."

Ijumaa iliyofuata tulirudi Kituku. Wamama walimpigia kelele kana kwamba katoka safari ya mbali.

Ile maabara ilikuwa inakusanya adenovirus za kuku kwa ajili ya kujaribu chanjo. Walichukua virusi kutoka kwenye firigisi zetu, wakavikuza kwenye chembe za vifaranga ambao bado wako ndani ya yai, kisha wakaviua kwa dawa iitwayo formalin. Mwili wa kuku ukivipata vikiwa vimekufa haviwezi kumuumiza, lakini unavijua sura. Mtetea akishavijua, anampa kifaranga ulinzi ndani ya yai, kwa wiki zile za mwanzo ambazo ndizo mbaya.

Kuna jingine Docta alinifundisha ambalo ndilo lilinipeleka nilipo leo. Adenovirus wapole wanaweza kugeuzwa wabebaji. Unampunguzia virusi vitu vyake, unamweka kipande cha ugonjwa mwingine, halafu mwili unajifunza kuutambua ugonjwa ule. Alisema ni pikipiki ile ile, ila abiria mwingine. Baadhi ya chanjo za Corona tulizochomwa wanadamu zilitumia ndugu wa virusi hivi kwa mtindo huo. Kwa kuku bado watu wanahangaika nayo maabara.

Turudi bandani.

Tulisubiri miezi. Papa hakuruhusu mtetea yeyote kulalia mayai. Hatimaye Docta akaja na chupa ndogo yenye kitu cheupe kama maziwa, na sharti moja: achanje nusu tu, nusu nyingine wabaki kwanza, atawachanja baadaye, ili tuone tofauti.

"Na nani anachagua?" Papa akauliza.

"Hakuna mutu anachagua. Kama tukichagua kwa mapendo, hatutajua kitu."

Tukakata nyuzi, tano nyekundu za waliochanjwa na nne nyeupe za waliobaki, tukaziweka kwenye kofia ya Papa. Kila mtetea akishikwa, mimi nachomoa uzi mmoja na kumfunga mguuni. Alipofika Madame, nilichomoa mweupe.

Nilitaka kuurudisha. Naapa mkono ulishaanza kurudi kofiani. Papa akanishika kifundo cha mkono.

"Apana, Sifa. Udanganyifu yetu ilishatosha."

Akamfunga Madame uzi mweupe mwenyewe.

Vifaranga walipoanguliwa, Papa alirudi kwenye kigoda na daftari lake. Watoto wa mitetea ya nyuzi nyekundu walikonda wawili watatu hivi, wengine wote wakakua. Wa nyuzi nyeupe walikufa tena kama zamani, na wa Madame karibu wote. Papa alimwandika kila mmoja, hakuruka.

Docta alitimiza ahadi, akawachanja na wale wanne. Nilipoanza kushangilia alinikata. Alisema banda moja la Katoyi halithibitishi chanjo, ni mstari mmoja tu kwenye daftari lake, na kazi bado iko mbali. Sawa. Lakini Madame alilalia tena akiwa amechanjwa, na safari ile watoto wake walikua mpaka wakawa wanaruka juu ya ukuta wa jirani na kututafutia ugomvi. Hakuna ugomvi niliowahi kuupenda kama ule.

Papa aliweka sheria mpya. Firigisi ilipasuliwa mezani mbele yake, mbichi, kabla ya kupikwa, na mpasuaji ni mimi.

Jumapili ya kwanza tulipochinja jogoo kijana, mtoto wa mtetea wa uzi mwekundu, baba zangu wadogo wawili walikuwa wamekuja kututembelea. Nikapasua. Ndani palikuwa pa njano, safi, panakwaruza vizuri kama inavyotakiwa. Papa akavaa miwani, akaigeuza huku na huku.

"Njo hii," akasema taratibu. "Pika."

Nikapika. Nikaiweka juu ya sahani yake kama siku zote. Akaichukua kwa vidole, akainuka, akaja kuiweka kwenye sahani yangu.

Baba mdogo mmoja akashtuka. "Muzee! Mutoto mwanamuke?"

"Ni yeye anaiangaliaka," Papa akamjibu. "Akule."

Nikala, wakuu, na nyumba nzima inanitazama. Niwaambie ukweli? Ni ngumu. Haina utamu wowote wa ajabu, ni kutafuna tu mpaka taya zinachoka. Nilitafuna huku machozi yananitoka, na Papa akawa ananiuliza, "Unasikia? Unasikia Masisi?" Nikamwambia ndiyo, Papa, nasikia.

Papa alishafariki. Mimi sasa nafanya kazi maabara, na siku nyingi kazi yangu ni kupasua firigisi za kuku wa watu. Kishingo wa bibi bado wapo Katoyi, kwa Mama, na kikapu bado kipo ukutani.

Nilichojifunza ni kwamba aibu inaua kuku kuliko virusi. Mfugaji mwenzangu, ukikuta kitu kibaya ndani ya kuku, usikitupe wala usimfichie mtu kwa heshima. Kiweke kwenye barafu, mwite daktari, mwambie yote, hata yale yanayokuchekesha. Na yule jamaa wa vifaranga, kama unasoma hapa, pasua mmoja aliyekufa leo uniambie umekuta nini. Sikucheki.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama. Akachinja jogoo. Kabla ya kupika alileta firigisi mbichi kwenye sahani, na kisu, akaviweka mezani mbele ya kiti cha Papa. Tangu afariki hakuna aliyekikalia kile kiti.

"Angalia kwanza," Mama akaniambia.

Nikasimama kando ya kiti, nikapasua. Ilikuwa ya njano, safi. Na bila kufikiri nikasema kwa sauti, "Papa, iko muzuri."

Mama akaichukua akaenda kupika.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu nyie firigisi huwa inaliwa na nani? Na amewahi kuuliza imetoka wapi?